Zulia Husomwa Mgongoni

Ukiingia duka la mazulia, jambo la kwanza utakalofanyiwa ni kutandikiwa. Kijana atashika ncha mbili, atalirusha zulia mbele yako, nalo litatua sakafuni uso juu: maua na mizabibu, nyekundu iliyokoza, buluu ya usiku wa manane. Chai italetwa. Bei haitatajwa mpaka uulize. Nawe, kama kila mgeni aliyepita hapo, utaanza kuutazama ule uso.

Piga goti. Shika kona moja, ipindue, uangalie mgongo. Uso wa zulia unaweza kunyolewa ukalingana, kuoshwa kwa dawa ukang'aa, hata kupakwa rangi pale ulipochakaa. Mgongoni hakuna pa kujificha. Kila fundo lililofungwa kwa mkono liko pale waziwazi, na kila ubabaishaji uko pale pia.

Wengi wetu tuna mazoea haya tayari. Ajuaye kununua kofia ya viua huigeuza ndani nje kabla hajauliza bei, na ajuaye mkeka hupapasa ukili upande wa chini auone ulivyoungwa. Zulia la Kiajemi lataka jicho hilohilo, ila kwa kuwa limetoka mbali na lina majina mageni, watu huacha ujuzi wao mlangoni wakamsikiliza muuzaji. Nimeandika haya kwa ajili ya anayekwenda kununua, iwe ni soko la Muttrah kule Muscat, Deira ya Dubai, mnadani Ulaya au kwa jirani anayehama nyumba. Nimemwandikia pia yule aliyerithi zulia la wazee wake asijue ameachiwa nini.

Fundo ambalo si fundo

Huwezi kukagua kazi usiyojua inavyofanywa, kwa hiyo tukae kwanza mbele ya kitanda cha mfumi. Mijini, kama Isfahan na Kashan kule Iran, kitanda husimama wima kama fremu ya mlango mpana, na mfumaji huketi mbele yake juu ya ubao unaopandishwa kadiri kazi inavyokua. Wafugaji wahamaji, kama Waqashqai wa mkoa wa Fars, hukilaza chini, kwa sababu msimu wa kuhama ukifika ni lazima king'olewe na kupakiwa. Nyuzi za mtande hutandwa na kukazwa mpaka zinalia zikiguswa. Mazulia mengi ya mjini yana mtande wa pamba, ya wahamaji mtande wa sufu, na yale ya thamani kubwa, hasa ya Qom, mtande wa hariri.

Sasa tazama vidole. Mfumaji hutenga nyuzi mbili za mtande zilizo jirani. Huchukua uzi wa sufu, huuzungusha uzi mmoja wa mtande mzunguko mzima, kisha huupitisha nyuma ya ule wa pili na kuuacha utokeze pembeni yake. Huuvuta chini, huukata kwa kisu, na ncha mbili hubaki zimesimama. Hilo ni fundo moja, nalo limechukua sekunde chache. Ndivyo wafungavyo Isfahan, Kashan, Kerman, Nain na Qom. Tabriz na kwa Wakurdi, uzi huzungushwa nyuzi zote mbili za mtande na ncha zote mbili zikatokezea katikati yake. Fundi wa Tabriz hutumia kisu chenye ndoano mwishoni, kinachovuta na kukata kwa mkono uleule. Vitabu vya Ulaya vililiita fundo la kwanza fundo la Senneh, jina la zamani la mji wa Sanandaj, ilhali wafumaji wa Sanandaj wenyewe hufunga lile la pili. Kwa hiyo majina yasikusumbue. Aina zote mbili ni nzuri, na hakuna iliyo bora kuliko nyenzake.

Mstari wa mafundo ukiisha toka ukingo hadi ukingo, hupitishwa mshindio, pengine mmoja, pengine miwili, kisha hugongwa kwa chanuo zito mpaka mstari ubanane na ule wa chini yake. Na hapa pana jambo ambalo mwenye zulia anapaswa kulielewa kuliko yote: hicho tunachokiita fundo hakijafungwa kwa kweli. Ni uzi uliozungushwa tu. Kinachouzuia usichomoke ni jirani zake walioubana na mshindio uliogongwa juu yake. Ndiyo maana ukingo ukifumuka, au matamvua yakikatika mpaka shinani, mafundo ya pembeni huanza kutoka moja baada ya jingine, na uharibifu husonga ndani kama mto unavyokula ukingo wake. Tutalirudia hili tukifika kwenye utunzaji.

Fanya hesabu hii kabla hujabishana bei. Zulia la mita 2 kwa 3 lina sentimita za mraba 60,000. Likiwa na mafundo 40 katika kila sentimita ya mraba, jumla yake ni mafundo milioni 2.4. Mfumaji mzoefu akifunga mafundo 8,000 kwa siku, hiyo ni kazi ya siku 300 za mtu mmoja. Bado hujahesabu aliyekata manyoya ya kondoo, aliyesokota uzi, aliyetia rangi, aliyechora mchoro kwenye karatasi yenye vyumba vidogovidogo, kila chumba fundo moja, na yule anayelinyoa na kuliosha mwishoni. Karatasi ile huitwa naqsheh, na katika karakana zenye wafumaji wengi hutokea mmoja akaisoma kwa sauti ya kuimba, akitaja rangi na idadi, nao wakifunga kwa kumfuata.

Waswahili wa Oman wamelikanyaga zulia la namna hii kwa miguu yao. Lile la ukumbi mkuu wa Msikiti wa Sultan Qaboos mjini Muscat, uliofunguliwa mwaka 2001, lilifumwa Iran na wanawake wapatao 600, katika kazi iliyochukua miaka 4. Lina eneo la mita za mraba 4,343, uzito wa tani 21 na mafundo bilioni 1.7. Ukigawanya utapata karibu mafundo 40 kwa kila sentimita ya mraba, sawasawa na lile zulia letu la mfano. Ukubwa haukuwafanya walegeze mkono.

Na kwa anayetaka kujua kazi hii inaweza kufika wapi, kuna zulia la Ardabil, lililomo katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert mjini London tangu 1893. Lina urefu wa mita 10 na nusu na mafundo yapatayo milioni 26. Upande mmoja limefumwa jina la Maqsud Kashani na mwaka 946 wa Hijria, yaani 1539 hadi 1540. Lilikuwa na pacha. Pacha huyo alikatwa sehemu zake ili kulitengeneza hili lililochakaa, na kilichosalia cha mwili wake kiko Los Angeles. Nikilifikiria zulia lile najua kuwa hata katika kazi kubwa kuliko zote, mafundo ya mtu mmoja yaliweza kutolewa yakatia viraka ya mwingine, na bado watu wanasimama mbele yake kimya.

Kulipindua

Sasa tupige goti tena. Ukipindua kona, mchoro wa mgongoni uwe wazi kama wa usoni: ua lilelile, rangi zilezile, ila bila manyoya. Ukiona kitambaa kimefunika mgongo wote, simama hapo. Chini ya kitambaa kile kuna gundi.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu zulia langu la kwanza lilikuwa hivyo. Nililinunua katika mji mmoja wa Ghuba, na muuzaji aliniambia kuwa ni kazi ya mkono. Neno lake lilikuwa nusu ya kweli: nyuzi zilichomwa kwa mkono, lakini kwa mashine iliyoshikwa kama bastola, zikipenya kitambaa bila kufungwa popote, kisha mgongo ukamiminiwa gundi ya mpira na kufunikwa. Nililipa bei ya mafundo kwa kitu kisicho na fundo hata moja. Baada ya masika mawili ya Pwani gundi ilianza kukauka na kuvunjika. Kila nikifagia nilikuta unga wa kijivu sakafuni, na nyuzi zikitoka kwa vishada. Laiti ningelipindua.

Zulia la mashine, lile tunalolitandika misikitini na sebuleni, mara nyingi halina kitambaa cha nyuma, kwa hiyo ni gumu kidogo kulitambua. Tazama matamvua kwanza. Katika zulia la mafundo, matamvua ni mtande wenyewe uliotokeza mwishoni. Huwezi kuyaondoa bila kulifumua zulia. Katika la mashine, mara nyingi yameshonewa baadaye, na ukiyafuata kwa ukucha utaiona mishono ya cherehani. Tazama na kingo za urefuni: za mkono zimezungushiwa uzi wa sufu au pamba kwa vidole, hazilingani sana, za mashine zimepigwa uzi wa nailoni ulionyooka kama rula. Mwisho likunje uso nje, uyatenge manyoya kwa vidole viwili, uchungulie shinani. Utaona vifundo vimepangana safu kwa safu, kila kimoja kimekumbatia mtande. Usipoviona, hakuna.

Ukiridhika kuwa ni mafundo, weka rula mgongoni. Hesabu mafundo ndani ya sentimita 2 kwenda upana, kisha sentimita 2 kwenda urefu, uzidishe, halafu ugawe kwa 4. Angalia jambo moja: katika mazulia fulani kila fundo huonekana mgongoni kama vichwa viwili vya rangi moja vilivyokaa bega kwa bega. Tafuta mstari mwembamba kuliko yote wa mchoro. Ikiwa hata pale alama ndogo kabisa ni vichwa viwili, basi hivyo ni fundo moja. Wauzaji wengine huhesabu mara mbili.

Katika Tabriz utasikia neno raj. Maana yake ni idadi ya mafundo katika upana wa sentimita 7. Zulia la raj 50, basi, lina mafundo kama 51 kwa sentimita ya mraba, na hilo ni jema sana. Nain wana kipimo kingine, La, kinachohesabu nyuzinyuzi zilizosokotwa pamoja kuwa uzi mmoja wa mtande: 9, 6 au 4. Huko namba ikipungua ndipo kazi inapozidi wembamba. Usimwachie muuzaji akuambie. Shika uzi mmoja wa tamvua, ufungue msokoto wake, uhesabu mwenyewe.

Lakini nakuomba usiwe mtumwa wa hesabu. Zulia la Heriz, lenye michoro ya pembe kali na nyekundu ya tofali, huwa na mafundo 10 tu au hata pungufu kwa sentimita ya mraba, na linadumu vizazi kwa sababu sufu yake ni ya milimani na mfumo wake ni mzito. Zulia la Bijar, la Wakurdi, hupigiwa mshindio mnene kwa nguvu mpaka linakuwa gumu kama ubao. Usilikunje, liviringishe tu, maana likikunjwa mtande unaweza kukatika. Na mazulia ya Fars yaitwayo gabbeh yana manyoya marefu na mafundo machache, na uchangamfu ambao karatasi ya mchoro haiwezi kuutoa. Mimi nikiwekewa zulia laini la hariri na zulia la kijijini lenye sufu nzuri, mkono wangu huenda kwenye la pili. Huo ni moyo wangu, nawe una wako. UNESCO nayo mwaka 2010 iliingiza ufumaji wa Fars na ule wa Kashan katika orodha ya urithi wa binadamu, wa kuhamahama na wa mjini pamoja.

Kuna wizi mmoja wa mafundo wa kuufahamu. Badala ya kuzungusha uzi kwenye nyuzi 2 za mtande, mfumaji huuzungusha nyuzi 4. Huitwa jufti. Kazi inakwenda mbio maradufu, zulia linatoka kwa ukubwa uleule, lakini limebeba nusu ya manyoya. Ukilipapasa huoni ujazo, na mgongoni alama zimejipanua. Katika mazulia ya Khorasan lichunguze hili zaidi.

Kisha sufu. Pitisha kiganja. Sufu nzuri ina mafuta ya asili ya kondoo. Ukiisugua inateleza, na ukiibonyeza inarudi. Iliyo bora huitwa kork, ya mwanakondoo, toka shingoni na mabegani. Mbaya kabisa ni ile iliyotolewa kwenye ngozi ya mnyama aliyekwisha kuchinjwa, kwa kutumia chokaa: ni kavu, imefifia, inakatika. Zulia jipya la sufu likitoa vumbi la nyuzi miezi ya mwanzo ni kawaida. Likitoa miaka, ujue uliuziwa ile iliyochunwa.

Ukiambiwa ni hariri, omba ruhusa uchome unyuzi mmoja uliouchomoa tamvuani na mwingine uliouchomoa kwenye manyoya. Hariri, kama sufu, hunuka nywele zilizoungua na jivu lake husagika kwa vidole. Pamba iliyong'arishwa na hariri ya bandia hunuka karatasi iliyoungua, huwaka haraka na kuacha jivu jepesi. Nailoni huyeyuka ikaganda kama shanga. Muuzaji wa hariri ya kweli hatakataa.

Rangi

Neno rangi lenyewe tumelipata kwa Waajemi, nao wana haki ya kulifundisha. Nyekundu yao ya kale hutoka kwenye mizizi ya mmea uitwao runas. Manjano hutoka kwenye majani ya mimea ya porini, au kwenye maganda ya komamanga, na hudhurungi kwenye maganda ya jozi. Sufu huchemshwa kwanza na shabu ili rangi ishike. Nili peke yake haihitaji shabu: sufu huchovywa katika pipa, ikatoka ina rangi ya kijanikijani, na pale inapokutana na hewa, mbele ya macho ya mtu, hugeuka buluu. Kijani hupatikana kwa kuchovya mara mbili, nili na manjano.

Mwaka 1856 William Henry Perkin aligundua London rangi ya kwanza ya kutengenezwa kwa kemikali, na si muda mrefu rangi za namna hiyo zikafika Iran. Zile za mwanzo zilichuja zikioshwa na kupauka juani, mpaka serikali ya Shah ikazipiga marufuku, ingawa hazikuisha. Za leo zilizotengenezwa vizuri zinashika barabara, kwa hiyo usimwone mtu ametumia rangi ya kiwandani ukadhani amekudhulumu. Linalokuhusu ni kama rangi inashika. Lowanisha kitambaa cheupe, ukikamue, usugue kwa nguvu juu ya nyekundu na juu ya nyeusi. Kitambaa kikibadilika rangi, zulia hilo litajichafua lenyewe siku litakapooshwa. Halafu tenga manyoya utazame shina na ncha. Shina likiwa limekoza na ncha imepauka, jua limekula rangi. Ncha zikiwa na rangi na shina likiwa jeupe, zulia limepakwa ili kuficha kuchakaa.

Utaona pengine, katikati ya uwanja wa buluu, buluu inageuka: mpaka hapa imekoza, kuanzia mstari huu imefifia, kisha inarudi. Mstari huo huenda upana mzima wa zulia. Waajemi huuita abrash. Ulitokea siku sufu ya pipa la kwanza ilipoisha, ikaanza kutumika ya pipa la pili, ambalo nili yake ilikuwa nyepesi kidogo. Si kasoro. Mimi hupenda kuweka kidole juu ya mstari ule, kwa sababu ni mahali pekee kwenye zulia panapoonyesha kabisa siku moja ikiisha na nyingine ikianza. Viwanda vimejifunza kuuiga, lakini abrash ya mashine hujirudia kwa nafasi zilezile, na ya kweli haijirudii.

Dalili moja ya umri ni ngumu kuighushi. Hudhurungi iliyokoza na nyeusi za zamani zilitiwa chuma, na chuma hula sufu polepole. Baada ya miongo mingi sehemu nyeusi huwa zimeshuka, na maua yaliyozizunguka yamebaki juu kama yamechongwa. Zisome kwa ncha za vidole, macho ukiwa umeyafumba.

Kuhusu michoro, mvaa kanga ana lugha yote anayohitaji. Zulia lina mji na lina pindo. Mji waweza kuwa na duara kubwa katikati na robo yake katika kila pembe, au mihrabu ikiwa ni la kusalia, au bustani iliyogawanywa na mifereji. Lile umbo tunaloliita korosho Waajemi huliita boteh. Muuzaji akikuhadithia kuwa mfumaji alikosea kwa makusudi fundo moja kwa sababu ukamilifu ni wa Mungu, msikilize kwa adabu. Makosa katika mafundo milioni mbili hayahitaji makusudi. Ukiyaona yahesabu kama uhai wa kazi, usiyalipie zaidi.

Kabla ya kutoa pesa, mambo matatu ya haraka. Linyanyue dhidi ya mwanga utafute matundu. Pima upana ncha zote mbili. Tofauti ya sentimita chache inakubalika, lakini zulia lenye mawimbi hata likitandikwa ni vigumu kunyooka. Na kunja kona ya mgongo karibu na sikio: ukisikia mlio kama wa kijiti kikavu, mtande umeoza.

Uulize pia lilifumwa wapi, si linafanana na nini. India, Pakistan na China hufuma kwa mkono michoro ya Kashan na Nain, kazi nyingine ni nzuri kabisa, lakini bei yake si ya Kashan wala ya Nain. Ndugu walioko Marekani wajue jambo la ziada: kuingiza mazulia ya Iran huko kuliruhusiwa tena Januari 2016, kukapigwa marufuku upya Agosti 2018. Sheria za vikwazo hubadilika, kwa hiyo ulizeni forodha kabla ya kufunga mzigo kutoka Muscat.

Likishafika nyumbani

Adui wa kwanza ni mchanga. Chembe hushuka hadi shinani mwa manyoya, na kila mguu unaopita huzisugua kwenye mafundo kama msasa. Kwetu tunavua viatu mlangoni kama wavuavyo Iran, na hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kufagia kwa kufuata ulalo wa manyoya. Pitisha kiganja kwenda na kurudi, upande utakaouona laini ndio ulalo. Mashine ya kufyonza vumbi inafaa, ila ile yenye burashi inayozunguka izimwe burashi, na usiipitishe kamwe juu ya matamvua. Mara moja kwa mwezi lipindue, ufagie mgongo, uone kitakachodondoka sakafuni.

Kila baada ya miezi sita ligeuze, lililokuwa dirishani liwe ukutani, ili jua na miguu visile upande mmoja. Usiweke chungu cha maua juu yake, hata chenye kisahani. Unyevu wake hujificha chini, mtande wa pamba huoza pole pole, na siku unayokisogeza unakuta duara ambalo kidole kinapita ndani yake.

Kikimwagika kitu, usisugue. Kandamiza kitambaa cheupe kikavu, ukitoka pembeni kuja katikati, kisha chenye maji baridi, kisha kikavu tena. Maji ya moto, mvuke na dawa za kung'arishia nguo nyeupe viwe mbali na sufu.

Kuosha kwenyewe hakuhitajiki kila mwaka. Miaka mitatu hadi mitano yatosha kwa nyumba ya kawaida. Kwenye chemchemi ya Cheshmeh Ali, kule Rey karibu na Tehran, watu kwa miaka mingi waliosha mazulia kwa maji ya kutiririka na kuyaanika juu ya miamba, na siri yote iko hapo: maji baridi mengi, na kukauka upesi pande zote mbili. Ukiliosha nyumbani, jaribu rangi kwanza, tumia sabuni laini kidogo, sukuma maji kwa kufuata ulalo, suuza mpaka maji yatoke meupe, na lilaze tambarare penye upepo. Usilitundike likiwa limelowa. Uzito wa maji huvuta mtande. Na kama unakaa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, usianze kazi hii wakati wa masika. Mgongo usiokauka siku ya pili huota kuvu.

Nondo hutaga pasipofikiwa: chini ya kabati, chini ya kochi zito. Mabuu yake hula sufu na kuacha pamba, ndiyo maana unakuta zulia limebaki wavu. Sogeza samani kila baada ya miezi miwili mitatu. Ukiona uzi mweupe kama utando au punje kama za mchanga wenye rangi ya zulia, lifagie pande zote. Dogo unaweza kulifunga ndani ya nailoni isiyopitisha hewa na kuliweka wiki mbili kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukilitoa, usifungue nailoni mpaka baridi imeisha kabisa, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya sufu.

Kwa kuhifadhi, liviringishe kwa kufuata ulalo, ulifunge kwa shuka la pamba, uliweke juu ya kitu, si chini. Nailoni kwa miezi mingi kwenye joto la Pwani hulipikia unyevu ndani.

Na ukumbuke lile fundo ambalo si fundo. Siku unayoona mstari wa mwisho kwenye matamvua umeanza kulegea, au uzi wa ukingo umekatika, usingoje fundi. Chukua sindano na uzi wa pamba wenye nguvu, shona kwa kuzungushia ukingo kila nusu sentimita, ukipita ndani ya safu mbili za mafundo yaliyo imara. Mshono huo hautapendeza sana, lakini utazuia, na fundi akija ataufumua bila shida na kufanya kazi yake.

Mwisho kata kipande cha kitambaa cha pamba, kidogo kama kiganja cha mtoto. Andika juu yake, kabla ya kukishona ili wino usipenye kwenye zulia, mahali lilipofumwa kama umepajua, mwaka uliolinunua au jina la aliyekuachia, vipimo, na ile idadi ya mafundo uliyoihesabu mwenyewe kwa rula. Kishone kwenye kona moja, upande wa mgongo.